Kitendawili na Kishikwambi

Katika mambo yanayobishaniwa sana na wazazi na walimu wa zama zetu, hapana lizushalo maneno mengi kama namna ya kufundisha watoto. Mmoja husema watoto wafundishwe kama tulivyofundishwa sisi, maana sisi tulifundishika. Mwingine husema dunia imegeuka, na mafundisho sharti yageuke pamoja nayo. Mwandishi wa insha hii yu upande wa pili, wala hataki kuficha upendeleo wake. Lakini ameona kuwa maneno "mafundisho mapya" hubeba mizigo miwili isiyofanana. Mara nyingine maana yake ni kupata chombo kipya cha kumpelekea mtoto maneno yale yale ya zamani. Mara nyingine maana yake ni kugeuza mazungumzo yenyewe baina ya mkubwa na mdogo. Mzigo wa kwanza hununuliwa dukani na kupigwa picha; wa pili hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo husahauliwa upesi.

Ili tusiseme hewani, na tuchague mahali pamoja tupatazame. Nachagua Mukuru kwa Njenga, mtaa ulio upande wa mashariki ya Nairobi, baina ya viwanda na njia ya kwendea uwanja wa ndege. Nyumba nyingi za mtaa huo ni za mabati, chumba kimoja kwa jamaa nzima. Kitanda, jiko, ndoo za maji na daftari za watoto vyote hukaa pamoja ndani ya kuta nne. Alfajiri wanaume kwa wanawake hutoka kwa miguu kwenda kusimama kwenye milango ya viwanda kutafuta kibarua. Wapatao kazi hurudi usiku; wasiopata hurudi mapema wakiwa na huzuni. Watoto ni wengi kuliko nafasi za shule za serikali, na kwa hiyo shule ndogo za watu binafsi zimeota katika vichochoro kama uyoga baada ya mvua, nyingine zikiwa na madarasa matatu, nyingine zikiwa chini ya paa la kanisa.

Katika mtaa huo, mwaka 2009, ilifunguliwa shule iliyopata kujulikana ulimwenguni. Ilikuwa ya kwanza katika shule za Bridge International Academies, kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani kwa nia ya kuwapa watoto wa maskini elimu kwa ada ndogo. Kutoka mbegu hiyo moja ya Mukuru zilichipuka shule zaidi ya 400 katika Kenya, na mbinu yake ikavuka mipaka kwenda Uganda, Nigeria, Liberia na India. Basi kijana wa Nairobi asidhani kuwa mambo mapya ya elimu huanzia ng'ambo siku zote kisha yakaja kwetu yamechakaa. Hili lilianza katika kichochoro cha kwetu, ingawa wazo lake halikuzaliwa na wenyeji wa kichochoro hicho.

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Somo halitungwi na mwalimu aliye mbele ya watoto. Hutungwa na watu wa makao makuu, huandikwa neno kwa neno, kisha hupelekwa kwa njia ya simu hadi kwenye kishikwambi alichoshika mwalimu. Humo mwalimu husoma aseme nini, aandike nini ubaoni, aulize swali gani, awape watoto dakika ngapi, na apite katikati ya madawati wakati gani. Kishikwambi nacho huwapasha habari wakubwa: mwalimu amefika saa ngapi, amefikia wapi katika somo. Siku moja, saa moja, somo moja linaweza kusomwa katika mamia ya madarasa, kwa maneno yale yale.

Mtu apendaye uhuru wa mwalimu husikia habari hii akakunja uso. Mimi pia nilikunja. Lakini mhakiki asihukumu kwa uso uliokunjwa, na haki yadai tuanze na sifa.

Wapo katika nchi yetu watoto wengi waliokwenda shuleni asubuhi wakamkuta mwalimu hayupo, au yupo ofisini, au yupo darasani lakini hakuandaa somo. Mtoto wa namna hiyo hukaa miaka minane shuleni akatoka hajui kusoma barua. Utaratibu wa kishikwambi uliondoa balaa hilo: mwalimu yupo, somo lipo, saa inatumika. Mwaka 2022 wachunguzi wa uchumi, na miongoni mwao Michael Kremer aliyekuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya shule hizo nchini Kenya. Maelfu ya watoto walioomba ufadhili walipigiwa kura, na waliopata wakalinganishwa na waliokosa. Baada ya miaka miwili wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa mbele ya wenzao kwa kiasi cha karibu mwaka mmoja wa masomo, yaani 0.89 ya mwaka. Na wa chekechea walikuwa mbele kwa mwaka mmoja na karibu nusu. Tena walimu wao walikuwa na mshahara mdogo na uzoefu mdogo kuliko walimu wa serikali. Hizi si hesabu za kupuuzwa. Mzazi wa Mukuru aliyetoa fedha zake za kibarua kulipa ada hakuwa mjinga.

Wapinzani nao walikuwa na yao. Chama cha walimu, KNUT, kililalamika kuwa madarasa yametiwa mikononi mwa watu wasio na vyeti vya ualimu. Uganda ilizifunga shule hizo kwa amri iliyothibitishwa na Mahakama Kuu mwezi wa Novemba 2016, kwa kuwa hazikutimiza masharti ya serikali. Mabishano haya yalikuwa juu ya vyeti, leseni, majengo na faida. Nayo ni mambo makubwa, lakini si ninayoyatafuta leo. Mimi nataka kuingia darasani nikae dawati la nyuma.

Tuweke mfano wa kubuni. Somo ni la hesabu. Mwalimu anasoma: mtungi wa maji unauzwa shilingi 5, mama ana shilingi 50, je, atanunua mitungi mingapi? Mikono inainuka. Mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, anajibu: "Miwili." Jibu lililoandikwa ni kumi. Kishikwambi kinamwongoza mwalimu vizuri sana kwa mtoto aliyesema kumi. Kinaweza hata kumwelekeza asahihishe: aseme kuwa si hivyo, aonyeshe njia ubaoni, darasa lirudie kwa sauti moja. Kisha somo huendelea, kwa kuwa dakika zimehesabiwa.

Lakini ile miwili ilitoka wapi? Binti yule huenda hajui kugawanya, hilo lawezekana. Huenda pia ajua kugawanya vizuri kuliko wenzake wote. Katika nyumba yao yeye ndiye mteka maji, na mtu hawezi kubeba zaidi ya mitungi miwili. Tena shilingi 50 za mama haziishii kwenye maji, kuna unga, kuna mafuta ya taa. Aliulizwa mama atanunua mitungi mingapi, naye akajibu kweli kama aijuavyo. Katika kosa lile kuna akili iliyo hai, inayopima maneno kwa maisha. Mwalimu ambaye angemwuliza, "Kwa nini miwili, mama?" angepata dakika tano za mafundisho ambayo hayawezi kuandikwa na mtu yeyote aliye mbali: tofauti ya swali la hesabu na swali la maisha, kitu gani tunakiacha nje tunapohesabu, na kwa nini tunakiacha. Hili ni fundisho kubwa la hesabu, nami nadhani hata baadhi ya watu wazima hawajalipata. Mwalimu mwenye kishikwambi hakuwa na dakika tano. Binti akakaa chini akiwa amejifunza jambo moja, kwamba mambo ayajuayo ya nyumbani hayana bei shuleni.

Nikisema hivi silaumu chombo. Kishikwambi hakina dhambi, kama vile chaki haina. Nalaumu wazo lililokitangulia, kwamba kufundisha ni kupeleka, na mwalimu ni tarishi. Wazo hilo si jipya hata kidogo. Ndilo lililokuwa katika madarasa ya babu zetu, ambako watoto sitini waliimba jedwali la kuzidisha mpaka mabati yakatetemeka, na aliyekosa alionja fimbo. Fimbo imepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 imelikaza katazo hilo. Ingawa, tuseme kweli, zipo shule na nyumba ambamo habari hiyo haijafika. Hata fimbo ilipoondoka, desturi iliyokuwa ikiilinda ilibaki: swali lina jibu moja, jibu hilo limo mkononi mwa mkubwa, na kazi ya mtoto ni kulifikia upesi bila kupotea njia. Kishikwambi kiliipokea desturi hiyo kikaisafisha, kikaipa mwendo wa kasi. Kwa hesabu ya chombo ni kipya. Kwa hesabu ya mazungumzo ni mjukuu wa jedwali la kuimba.

Sasa nitafanya jambo ambalo wapenda mambo mapya hawatalitarajia. Nitarudi kwenye jambo la kale kuliko shule.

Wasomaji wangu wengi wamewahi kukaa usiku na bibi, au shangazi, au kaka mkubwa, wakasikia: "Kitendawili!" Wote wakaitika: "Tega!" Mtegaji akasema: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo ndipo mafundisho yaanzapo. Mmoja anasema ni jiwe. Mwingine anasema ni tikiti. Wa tatu, ambaye amezikwa babu yake juma lililopita, anasema ni kaburi, na watu wananyamaza kidogo. Mtegaji hakasiriki. Anasema "sivyo", anangoja. Kila jibu linageuzwa na kutazamwa. Ndani ya jiwe hakuna nafasi ya kukaa mtu, tikiti lina kikonyo, kaburi lilikuwa na mlango likafungwa. Wote wakishindwa, mtegaji hasemi tu kwamba ni yai. Anadai alipwe: "Nipeni mji." Wanampa Mombasa, au Kisumu, naye anatembea katika mji huo kwa maneno, anakula na kunywa, ndipo anapofumbua. Hata siri hainunuliwi bure.

Ninyi mnaosoma shule za sekondari mmefundishwa vitendawili kama fasihi simulizi, na katika mtihani mmeulizwa sifa zake na dhima zake. Nakuombeni mvitazame kama darasa. Katika darasa hilo mkubwa anajua jibu, kama mwalimu. Watoto hawalijui, kama wanafunzi. Wala hakuna anayedai kuwa majibu yote ni sawa, maana yai ni yai. Lakini kosa lina heshima yake. Kosa ndilo linalofanya mchezo uendelee. Pasipo makosa kitendawili hufa katika pumzi moja. Muda haujahesabiwa. Na mtoto aliyesema kaburi ameeleza jambo la moyo wake ambalo hapana aliyelijua kabla ya swali kuulizwa.

Sidai kuwa mafundisho ya wazee yote yalikuwa hivi. Yalikuwapo pia ya kunyamazisha: "mtoto haulizi maneno ya wakubwa", na kofi. Wala sidai kuwa hesabu za sehemu na kanuni za umeme zinaweza kufundishwa kwa vitendawili penye moto. Nasema tu kuwa mazungumzo ya aina ile tuliyaweza, tukayaacha nje ya lango la shule, na leo tunayatafuta katika maduka ya vyombo.

Mtu mmoja wa mbali aliyaona haya mapema. Tarehe 6 Januari 1907, daktari wa Kiitalia, mwanamke aliyeitwa Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa mji wa Roma. Sababu ya kufunguliwa kwake haikuwa ya fahari. Wazazi walikwenda kazini kutwa nzima, watoto wadogo wakabaki peke yao wakiharibu kuta za majengo, na wenye majengo walitaka mtu wa kuwachunga. Anayeijua Mukuru ataijua San Lorenzo upesi. Montessori aliweka vitu vya kushika na kupanga, akakaa akatazama. Aliona kuwa watoto wadogo sana waliachilia mbali wanasesere wakarudia kazi ile ile ya kupanga vipande vya mbao mara nyingi, kwa utulivu ambao hakuna aliyeudhania. Mbinu yake ilitokana na kuwatazama watoto wale. Leo katika miji mingi, na Nairobi imo, shule zenye jina lake aghalabu ni za watoto wa matajiri. Huo ni mzaha wa historia, nami naupita.

Mitaa miwili ya maskini, basi, mmoja wa Roma na mmoja wa Nairobi, ilizaa mbinu mbili zilizokwenda kuzunguka dunia. Katika mtaa wa kwanza mtu alikaa kwanza na watoto, kisha akaandika. Katika wa pili maandishi yalitungwa mbali na dawati, kisha yakaletwa. Ni kweli kwamba watunzi wa masomo ya kishikwambi hupima matokeo na kusahihisha masomo yao, na kwa haki tuliseme hilo. Lakini kipimo chao huhesabu majibu yaliyo sawa ni mangapi. Majibu yasiyo sawa huwa ni upungufu wa hesabu hiyo, wala hayana sura. "Miwili" ya binti yule na "miwili" ya mvulana aliyekisia tu huandikwa kwa alama moja ile ile.

Serikali nayo imekuwa na majaribio yake. Kuanzia mwaka 1957, katika mji huu huu wa Nairobi, ulianza utaratibu mpya wa kufundisha madarasa ya chini kwa Kiingereza, kwanza katika shule za watoto wenye asili ya Asia, kisha ukaenezwa kwingine. Ulisisitiza vitendo na mazungumzo, na katika darasa la mwalimu aliyeuelewa ulikuwa mzuri. Ulipoenezwa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, vitendo vilififia na Kiingereza kikabaki. Katika miaka yetu, mwaka 2015, ukaanzishwa mpango wa Tusome kwa kusoma na kuandika katika madarasa ya chini, kwa Kiswahili na Kiingereza. Huo nao ulikuwa na mwongozo wa mwalimu ulioandikwa hatua kwa hatua, lakini ulileta mambo mawili ambayo nayasifu: kila mtoto alipata kitabu chake mkononi, na maofisa waliingia darasani kumkalia mwalimu karibu na kumshauri. Ushauri ni mwanzo wa mazungumzo, hata kama bado ni baina ya wakubwa.

Kisha ukaja Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini ya nchi nzima mwezi wa Januari 2019. Kwa maandishi, mtaala huu umekuja kulikomesha lile wazo la tarishi. Unataka mtoto atende, aulize, abuni. Unataka mzazi awe mshiriki katika mafundisho. Hapana neno moja katika nia hiyo ambalo ningelifuta. Lakini hebu tuufuate hadi Mukuru kwa Njenga saa mbili za usiku.

Mama amerudi. Miguu inamwuma. Mtoto anatoa daftari: kesho apeleke picha za wanyama wa porini, zilizochapishwa kwa rangi. Mama anatoka tena, anakwenda kwa kijana mwenye mashine ya kuchapisha kando ya njia, anatoa fedha za mboga, anarudi na picha. Mtoto amekwisha lala. Mama anakata, anabandika kwa gundi, anatia sahihi pale palipoandikwa kuwa mzazi ameshiriki. Asubuhi kazi inapelekwa, inapata alama nzuri. Nani amejifunza? Mama amejifunza bei ya picha ya rangi. Mzazi ameshiriki kwa mfuko na kwa mkasi. Mazungumzo baina yake na mwanawe, ambayo ndiyo yaliyokusudiwa, hayakutokea, kwa kuwa kazi iliyotumwa nyumbani iliyala yale mapato ya nusu saa waliyokuwa nayo. Malalamiko ya namna hii yalisikika nchini kote. Wazazi walinung'unika sana kwamba wao ndio waliorudishwa darasani.

Laiti mwalimu angetuma swali badala ya picha. Mwulize mama: alipokuwa mdogo alicheza mchezo gani, na sheria zake zilikuwa zipi? Mwulize jirani atokaye magharibi anaitaje mvua ya mawe, na yule atokaye Ukambani je? Kazi kama hiyo haina gharama. Katika Mukuru, ambako jamaa wa makabila mengi hugawana ukuta mmoja wa bati, mtoto angeweza kukusanya kabla ya kulala maneno ambayo mtoto wa nyumba kubwa yenye lango angeyakosa. Umaskini haufanywi kuwa utajiri kwa maneno matamu, nami sitaki kufanya hivyo. Mtaa unahitaji maji, taa na nafasi za shule. Lakini kwa nusu saa ya mazungumzo mzazi wa Mukuru hakupungukiwa kitu, isipokuwa hakuna aliyemwambia kwamba hayo nayo ni masomo. Ameambiwa muda mrefu kuwa masomo ni kitu asichokijua yeye.

Jambo hili lilionekana wazi shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Masomo yalitangazwa kwa redio na kwa televisheni. Nyumba yenye televisheni na umeme wa kudumu iliendelea. Nyumba ya bati ilisikia somo kupitia ukuta wa jirani, kama ilisikia. Wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Watu waliiita miezi ile miezi ya bure. Lakini watoto wale hawakukaa bila kujifunza: walichuuza mboga na kurudisha chenji, walilea wadogo zao, walipanga foleni za maji wakijua zamu ya nani imepita. Shule zilipofunguliwa, walipimwa yale waliyoyasahau. Hesabu za chenji na za zamu ya maji hazikuwamo katika kipimo. Na mwisho wa mwaka ule ule wa 2021, nyumba nyingi za Kwa Njenga zilipobomolewa kupisha barabara, maelfu ya watu wakalala nje, na zilikuwamo shule katika vilivyobomolewa. Mtoto aliyerudi darasani baada ya hapo alikuwa na maswali ambayo hayakuwa katika mwongozo wowote: ardhi ni ya nani, na karatasi yenye kuthibitisha hayo huandikwa na nani. Mwalimu mwenye nafasi ya kungoja angeyasikia. Hayo ni masomo ya uraia, tena ya hali ya juu.

Naona msomaji mwenye busara ananiinulia mkono. Atasema: wewe wasifu kungoja, lakini mwalimu ana watoto themanini na mshahara unaochelewa, ukimwondolea kishikwambi hatakuwa mtega vitendawili, atakuwa yule wa zamani asiyekuja. Pingamizi hili ni zito, na takwimu za mwaka 2022 ziko upande wake. Ndiyo maana siombi mwongozo utupwe. Mwalimu kijana asiye na mafunzo anauhitaji, kama mtoto anavyohitaji kigari cha kujifunzia kutembea. Nami ningependelea mwalimu aliyesoma somo zuri la mtu mwingine kuliko yule aliyetunga somo baya lake mwenyewe, au hakutunga kabisa. Ninaloomba ni dogo zaidi.

Katika kila somo lililoandikwa, baada ya kila swali kubwa, na uachwe mstari mmoja mtupu. Dakika mbili zisiandikiwe kitu. Katika mstari huo mwalimu aandike jibu moja lisilo sawa alilolisikia siku ile, na sababu aliyopewa na mtoto alipoulizwa. Jioni mistari hiyo irudi kwa watunzi, kwa njia ile ile ya simu iliyoleta somo. Chombo kinaweza, kimekwisha kuzoea kupeleka habari ya saa ambayo mwalimu aliingia darasani. Nyumbani nako daftari la mtoto liwe na mstari wa namna hiyo mahali pa sahihi ya mzazi: usiku huu mtoto aliuliza nini. Mama asiyejua kuandika ataisema, na mtoto ataiandika mwenyewe.

Watunzi wakiufungua mstari mmoja kutoka Mukuru kwa Njenga watakuta, katika somo la kugawanya, maneno kama haya: "Miwili. Anasema mikono ya kubebea ni miwili."